Mlango Uliotazama Mlima

Mwanangu Shabani,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga baba yako mdogo, na ninajua hatakuachilia mpaka ule kwake. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Nimefagia, nimekaa kwenye kigoda, kibao cha kukatia mboga nimekifanya meza, na karatasi hizi nimezichomoa katikati ya daftari langu la kisomo cha watu wazima. Ukiona mwandiko wangu umenyooka kama wa mtoto wa darasa la pili, ndivyo tulivyofundishwa: maliza herufi moja kwanza, ndipo uanze nyingine. Siwezi kuandika haraka. Labda ni vizuri, maana haya si mambo ya haraka.

Maagizo ya safari hutayakuta humu. Kufua unajua, kupika unajua, na kule Ruhembe, kwenye mashamba ya miwa ulikopata kazi, watakuonyesha namna ya kushika panga. Mimi juu ya miwa sijui lolote isipokuwa kuitafuna. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema juzi jikoni, nami sikulijibu.

Nilikuwa napepeta mchele. Wewe ulisimama ukiutazama mlango mpya, huu alioutoboa mtani wetu Mzee Maganga upande wa barabara, ukasema, "Mama, mimi siendi. Nitawaambia wamchukue mwingine."

Nikakuuliza kwa nini.

"Nikienda, utafunga mlango tena."

Nikasema, "Sasa si ipo miwili?"

Ukajibu taratibu, bila kunitazama, "Hata ikiwa miwili, Mama, yote hufungika."

Nikaendelea kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Unanijua. Mimi jibu langu huja wenzangu wamekwisha kulisahau swali. Lakini wewe hukulisahau. Mfuko wako mpaka sasa umelala mtupu pale ukutani, na lori la Mikumi linapita kesho asubuhi. Kwa hiyo nataka nikujibu leo, kwa kalamu, mahali ambapo siwezi kujifanya napepeta mchele.

Ulikuwa mdogo tulipohama. Nadhani unakumbuka lori, na kuku waliofungwa miguu, na mimi nimekalia kinu ili kisidondoke. Huenda hukumbuki kwamba baba yako alikuwa hajamaliza mwaka kaburini. Tulikuwa tumemzika kule juu mlimani, nyuma ya nyumba yetu ya zamani, karibu na migomba aliyoipanda mwenyewe. Halafu wakaja viongozi, wakasema watu wote washuke bondeni, tukae pamoja, tupate shule, maji na zahanati. Sikukataa. Nani angekataa? Lakini nilipofunga mizigo nilikuwa naona kama wananiambia nimwache baba yako peke yake porini.

Hapa kijijini tulipimiwa viwanja kwa mstari. Nyumba zote zilitakiwa zitazame barabara. Watu walinisaidia kusimamisha nguzo, wakakandika udongo, na walipofika kwenye mlango nikawaambia uwekwe upande wa nyuma, unaotazama mlima. Mjumbe wetu wa nyumba kumi akaja, akashangaa.

"Mama Shabani, mbona unatugeuzia mgongo?"

"Siwageuzii mgongo. Natazama nilikotoka."

"Na mgeni akija apige hodi wapi?"

"Mimi sina mgeni," nikamwambia.

Waliniachia kwa sababu nilikuwa mjane, na hakuna anayetaka kubishana na mjane juu ya mlango. Nilijiona nimeshinda. Kila asubuhi nilifungua mlango nikauona mlima, nikamsalimia baba yako kimoyomoyo, na barabara yenye watu ikabaki nyuma ya ukuta. Nilisikia wakipita wakicheka. Sikuwaona, nao hawakuniona. Mtu akijenga hivyo kwa siku za msiba tu, si kitu. Mimi nilijenga kwa miti na udongo.

Nakueleza hivi kwa sababu upweke wangu haukuingia kwa kishindo. Uliingia kwa visingizio vyenye adabu. Mkutano ukiitishwa, nilisema kichwa kinauma. Ulipoanza msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ya kuchimba mtaro wa maji, nilisema nina mtoto mdogo. Lakini sikutaka mtu aseme sitoi kitu, kwa hiyo kila siku ya msaragambo nilijaza kikapu mahindi mabichi au muhogo, nikampa jirani yetu Bi Mwajuma awapelekee wanaochimba. Nikaona nimetimiza. Kikapu kilikwenda, mimi nikabaki. Nilifanya hivyo muda mrefu, mwanangu, na moyoni nilijivuna kwamba hakuna kijijini mtu asiyedaiwa kama mimi.

Ndipo mwili ukaanza kunisema.

Kwanza chakula kikawa hakina ladha. Halafu moyo ukawa unakwenda mbio nimekaa tu, kama mtu anayefukuzwa. Kichwa kile nilichokisingizia kikaanza kuuma kweli. Nikachoka bila kazi. Unakumbuka siku nilizokuwa nakupikia wewe uji, mimi nikijilaza, nikikuambia nimekwisha kula? Nilikuwa sijala. Wewe ulijua. Ukaanza kuja nyumbani moja kwa moja kutoka shule, huendi kucheza mpira, unakaa mlangoni na kitabu, na kila mara unageuka kunitazama kama napumua. Nilikuona. Sikukuambia uende ukacheze.

Nilipanda gari nikaenda hospitali Kilosa. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi, na jina langu lilipoitwa nilimkuta daktari kijana, ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Akaniamkia shikamoo kabla sijakaa. Akanipima, akanisikiliza kifua mbele na nyuma, akanitazama ndani ya kope.

"Mama, moyo wako ni mzima. Damu imepungua kidogo, nitakupa vidonge. Unakula na nani?"

"Na mwanangu."

"Na kazi za shamba unafanya na nani?"

"Peke yangu."

"Na ukicheka, unacheka na nani?"

Nikakasirika. Nikamwambia, "Mwanangu, nimetoka mbali kuja kutibiwa, sikuja kuulizwa habari za kicheko."

Hakukasirika. Akaandika dawa, akasema, "Hivi vidonge vitafanya kazi yao. Hilo jingine, mama yangu, pale dirisha la dawa hawana tiba yake." Nikatoka nimenuna. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nabishana naye kimoyomoyo, na kila jibu nililompa lilikuwa zuri sana, ila hapakuwa na mtu wa kumsimulia. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kidogo aliloniuliza. Kidogo tu. Nilirudi, nikameza vidonge, nikafunga mlango.

Sasa nikuambie habari ya sufuria, maana wewe uliiona mwisho wake tu.

Mzee Maganga ni Mnyamwezi. Alikuja ujanani kukata mkonge, akaoa huku, akawa wa huku. Nasi Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu zamani za mababu, na wewe unajua mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Mtani akikuchukulia kitu, huwezi kulia. Ukimkasirikia, unayechekwa ni wewe. Siku moja ya msaragambo nikasikia mtu anagonga ukuta wa upande wa barabara, pale pasipo na mlango.

"Hodi, nyumba isiyo na uso."

"Zunguka huku," nikamwambia.

Akazunguka, amebeba kikapu changu na mahindi yake yote.

"Shikamoo, Mzee Maganga."

"Marahaba. Tumekirudisha kikapu chako. Tumekipa jembe, kimekataa kuchimba."

"Mahindi yale ni ya watu kula."

"Watu wamekwisha kula. Nyinyi Wasagara mnadhani kila shida ni njaa." Akaangaza macho chini ya paa, akaliona jembe langu. "Hili nalichukua. Mwenyewe mgonjwa, jembe ni zima."

Akaenda nalo. Jioni akalirudisha limejaa udongo, akaliegemeza mlangoni, akasema, "Limekusalimia." Msaragambo uliofuata akaja tena akalichukua. Nilikuwa nalisafisha likirudi, na mwanangu, nitakuambia jambo la kijinga: nililionea wivu. Jembe langu lilikuwa limekwenda mahali, likashikwa na watu, likasikia maneno. Udongo ule mwekundu wa mtaroni haukuwa udongo wa shamba langu.

Mara ya tatu hakutaka jembe peke yake. Nilikuwa nimebandika maharage nje, nami nilikuwa ndani. Nikasikia mafiga yanalia. Nilipotoka, Mzee Maganga alikuwa anaondoka, jembe begani, na sufuria yangu ya maharage ikichemka mkononi mwake, ameishika kwa majani ya mgomba.

"Mzee Maganga, weka chakula changu."

"Kitaliwa mtaroni. Ukikitaka, njoo na chumvi, nimeonja hakina."

Nikamfuata. Kichwa wazi, pekupeku, nimeshika mwiko, namtukana kwa matusi yote anayoruhusiwa kutukanwa mtani, naye anatembea mbele bila haraka akiwaambia wapita njia, "Nipisheni, nafukuzwa na mke." Tulipofika mtaroni watu waliacha kuchimba. Nilidhani watanicheka. Walicheka kweli, lakini hawakunicheka mimi, walikicheka kisa chenyewe, na mimi nilikuwa ndani yake pamoja nao. Bi Mwajuma alinitupia khanga yake nijifunike kichwa. Akasema, "Mama Shabani, umekuja na mwiko? Haya, chimba nao."

Nikalichukua jembe langu kutoka kwa Mzee Maganga kwa nguvu. Sikujua la kufanya, nikalipiga ardhini. Nikapiga tena. Nilichimba kwa hasira, hasira ya lori, ya kaburi la baba yako, ya kila kitu. Bi Mwajuma akanitazama, kisha akawaambia wenzake polepole, "Msimzuie. Mpelekeni pale penye jiwe." Wakanipeleka penye jiwe. Mpaka jua linapanda, nilikuwa nimelizunguka jiwe lote, viganja vimetoka malengelenge, na nililia pale, na hakuna aliyeniuliza ninalilia nini. Walichimba tu kando yangu. Kisha tukala maharage yangu yasiyo na chumvi, watu wengi kwa sufuria moja ndogo, kila mmoja akapata kijiko tu. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Wewe ulitoka shule ukakuta mlango wazi, moto unafuka, sufuria haipo na mama hayupo. Bi Mwajuma aliniambia baadaye kwamba ulikimbia mpaka mtoni kwanza. Sijui uliwaza nini, na sijawahi kuthubutu kukuuliza. Halafu ukanikuta mtaroni, nimejaa matope mpaka kwenye nyusi, nacheka kwa sauti. Ulisimama mbali. Nilikuita, hukusogea. Ulinitazama kama unamtazama mama wa mtu mwingine. Nafikiri tangu siku ile umekuwa unaogopa mambo mawili kwa pamoja: kwamba nitafunga mlango, na kwamba siku moja utaukuta wazi nami simo.

Usiwaze kwamba nilipona siku ile. Kwenye vitabu vyetu vya kisomo mtu anachemsha maji ya kunywa ukurasa huu, na ukurasa unaofuata watoto wake hawaharishi tena. Mimi haikuwa hivyo. Masika ilipoingia na kazi ya mtaro ikasimama, nilirudi ndani. Lakini safari hii kulikuwa na tofauti moja. Jioni ya kwanza niliyojifungia, Bi Mwajuma alipiga ukuta akauliza, "Mama Shabani, mbona hukuja kisimani leo?" Kesho yake akauliza mwingine. Nilikuwa nimekuwa mtu wa kuulizwa. Haya ndiyo nataka uyaelewe kuliko yote niliyoandika: kabla ya hapo ningeweza kufa siku nyingi bila mtu kugundua isipokuwa wewe. Nilikuwa nimekuachia mtoto kazi ya kijiji kizima.

Ndipo nikaingia kwenye kikundi cha kusikiliza redio, kile cha mambo ya afya. Nilikwenda kwa sababu walihitaji mtu wa kutunza redio isilowe, na nyumba yangu haikuwa inavuja. Huwezi kuwa na redio ya watu halafu usihudhurie. Wenzangu wakachoka kuzunguka nyumba, na mwishowe nikamwachia Mzee Maganga atoboe mlango upande wa barabara. Tulisikiliza, tukabishana, tukachimba vyoo, tukafyeka majani. Baadaye nikaingia kisomo. Ni kweli mbu walipungua na matumbo ya watoto yakatulia, na hilo kila mtu analiona. Lakini mimi nilikuwa naona jambo jingine, dogo, la mwilini mwangu. Siku ya kikundi nilikuwa nakula. Usiku wake nilikuwa nalala. Moyo ulikuwa unatembea badala ya kukimbia. Sijui mwili na mkutano vimefungwa pamoja wapi, mimi sikusoma mambo hayo. Ninachojua ni kwamba mtu akishika upande mmoja wa mzigo wa watu, mzigo wake mwenyewe unapata pa kuegemea.

Siku niliyonyoosha mkono kwenye mkutano nayo nikusimulie, maana ulikuwa umekwenda Kilosa, ukarudi jioni ukapata habari nusunusu. Walikuwa wanapanga bomba la kwanza liwekwe wapi. Mwenyekiti akasema liwe karibu na ofisi, wageni wakija walione. Mkono wangu ukainuka kabla sijauruhusu. Nikasema wageni huja mara chache na maji yao huletewa kwenye glasi, lakini zahanati inafuata maji kwa ndoo kila siku, na wanaozaa humo ni sisi.

Mzee Maganga akasema kutoka nyuma, "Msikilizeni, huyu ndiye mwenye mwiko."

Watu wakacheka, mwenyekiti naye akacheka. Tulibishana mpaka jua likapungua ukali. Mwisho wakakubali bomba liwe katikati, si ofisini wala si zahanati. Sikupata nilichotaka. Nilirudi nyumbani nimeshindwa nusu, nikapika ugali, nikala wote, nikapika mwingine kwa ajili yako. Zamani nilipokuwa nashinda kila kitu humu ndani peke yangu, sikuwahi kuona njaa kama ile.

Sikuambii kwamba upweke umekwisha. Nisikudanganye katika barua. Zipo asubuhi naamka natazama mlima, na kijiji chote hiki hakiwezi kuziba nafasi ya mtu mmoja. Mikutano mingine ni maneno matupu. Kuna mtu anaongea mpaka kuku wanapanda kulala. Wako watu sijawapenda mpaka leo na tunachimba nao bega kwa bega. Na kule juu nyumba yetu imebomoka, migomba ya baba yako imekuwa msitu. Kila nikienda kufyeka kaburi narudi kimya. Kesho lori likipita na wewe ndani yake, nitakuwa mpweke. Hilo sikatai. Ila nimejifunza kwamba upweke na kujifungia si kitu kimoja. Upweke ni kama mvua, unakuja wenyewe. Mlango unaufunga kwa mkono wako.

Mwaka mmoja kabla wewe hujazaliwa nilisafiri na baba yako kwenda Mikumi kwa gari la pamba. Njiani tukamwona nyati mmoja mzee, amesimama peke yake kwenye majani, pembe zimechakaa, anatutazama. Nilisema maskini. Baba yako akasema, "Usimwonee huruma ukamsogelea. Kundi lina macho mengi, kwa hiyo linalala. Huyu halali. Ndiyo maana ana hasira, na ndiyo maana simba wanamngoja." Kesho utapita njia ile ile. Ukimwona, mpe salamu zangu, niliishi naye nyumba moja.

Sasa nije kwako. Wewe ni mkimya kama mimi, na ukimya si ugonjwa. Lakini mimi nilikufundisha kuutumia vibaya. Ulipoacha mpira ukaja kukaa mlangoni, nilifurahi. Wenzako walipokuja kukuita kwenye ngoma ya jando la wenzenu, nilikohoa, ukabaki. Sikukushika kwa mkono, nilikushika kwa kikohozi. Kwa hiyo umekua ukijua kumtunza mtu mmoja, na hujui raha ya kuwa mmoja kati ya wengi. Kule Ruhembe utawekwa kwenye nyumba za mstari, na watu wa makabila usiyoyajua. Jioni watakaa nje. Chumba chako kitakuwa na mlango, na utaupenda mlango huo. Nakujua. Utawatumia kikapu, kwa namna yako: utatoa mchango ukiombwa, utasalimia vizuri, watu watasema huyu kijana hana neno, nawe utaingia ndani.

Mwanangu, usipeleke kikapu. Nenda na jembe. Wakitafuta wa kuzibua mfereji wa kambi, au wa kubeba machela, au wa kuhesabu mikono kwenye mkutano wa wafanyakazi, simama, hata kama hujui la kusema. Sisemi uwe kiongozi. Wala sisemi ukubali kila linalosemwa, mimi mwenyewe sikubali. Nasema uwe mtu ambaye siku asipoonekana, mtu atauliza. Na ukipata mtani, mwachie achukue sufuria.

Ulisema milango yote hufungika. Ni kweli, sina hoja ya kukupinga. Kwa hiyo sitakuahidi kitu juu ya mlango. Nitakuambia tu nitakapokuwa.

Leo jioni ni siku ya kisomo, nami nitakwenda. Barua hii nitaiweka juu ya mkeka wako, utaisoma peke yako, na ukimaliza, panga vitu mfukoni. Shati lako la bluu limekauka, lipo kwenye kamba. Hilo ndilo agizo pekee, nimeshindwa kujizuia. Nikirudi tusizungumze haya, mimi na wewe hatuwezi. Tule tu.

Kesho ni msaragambo. Mtaro umefika kandokando ya barabara, chini kidogo ya daraja, na lori lako litapita hapo. Sitakusindikiza mpaka kituoni. Tutaagana nyumbani, utaniamkia shikamoo, nitakuitikia, na mimi nitatangulia na jembe langu. Kwa hiyo ukipanda lori usigeuke kutazama nyumba. Sitakuwa kwenye mlango wa mlimani, wala kwenye mlango wa barabarani. Tazama mtaroni.

Utaona watu wengi wameinama, migongo imejaa vumbi jekundu, majembe yanapanda na kushuka. Lori halitasimama, na wewe utakuwa unanitafuta kwa macho, huyu ndiye, hapana, yule. Nitakuwa mmoja wao. Ukishindwa kunitambua, mwanangu, nenda kwa amani. Ujue mama yako ni mzima.

Haya nimeyaandika mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine, mimi niliyekuzaa,

Mama Shabani